Tumbo la Kondoo kwenye Mguu wa Kelepi

Mume wangu Kelepi alifanya kazi machinjioni miaka mingi, chumba cha matumbo. Kazi yake ilikuwa kuyapasua matumbo ya kondoo, kuyamwagia maji na kuyasukuma kwenye shimo la taka. Kwa hiyo siku muuguzi Fusi alipokuja nyumbani kwetu Otahuhu na kutuambia kwamba kidonda chake kingewekewa utando uliotengenezwa kwa tumbo la kondoo, alicheka mpaka akapaliwa.

"Fusi mwanangu, hivyo vitu nimevitupa vya kujaza meli. Ungeniambia mapema ningekuwekea akiba."

"Ulitupa mali, mzee."

"Nilitupa mali na mavi pamoja. Hakuna aliyenionyesha ipi ni ipi."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika beseni la maji, nautazama mguu wenyewe. Kidonda kilikuwa ubavu wa nje, kuanzia kwenye kidole kidogo hadi chini ya kifundo, na kilikuwa kimechimbika mpaka kano inaonekana, nyeupe. Kilianza na kokoto ndani ya kiatu cha kanisani. Alishinda nalo Jumapili nzima, akaimba kwaya, akala, akasalimia watu, na aliporudi kuvua soksi ikagoma kutoka kwa damu iliyoganda. Hakuwa amehisi kitu. Sukari ilishaua miguu yake yote miwili, ukiichoma sindano haina habari. Na sukari tuliipata wapi kama si kwa kondoo huyo huyo? Mbavu zake za mafuta tunaziita sipi, na sisi Watonga hatujui harusi wala msiba bila sipi.

"Kondoo wametumaliza," nikamwambia Fusi, "halafu leo mnataka watutibu."

Fusi ni Mtonga mwenzetu, kazaliwa hapa hapa Auckland, lakini mdomo anao kama wa kwetu. Akanijibu huku anavaa glavu. "Mama Lesieli, hii siyo nyama ya kula. Wameosha kila kitu cha kondoo kikatoka, umebaki wavu mtupu. Mwili wa mzee ukiukuta huu wavu unaona pa kushika. Mishipa midogo ya damu inaanza kuingia, inapanda humo kama maharage kwenye fito. Damu ikifika, nyama inafuata. Nyama ikijaa, tunaomba ngozi ifunge juu."

"Na isipofika?"

Akamgeukia Kelepi. "Mzee, sikiliza. Utando wa kwanza ulikwenda kukata nao majani ya kanisa, ukafa. Huu ni wa pili, na daktari amesema hakuna wa tatu. Ile mishipa ikianza kuingia ni laini, ukiikanyaga tu inakatika. Usisimame juu ya mguu huu. Huu usiposhika, wanakata chini ya goti."

Kelepi akasema sawa. Mimi mume wangu namjua, sawa yake haina thamani ya senti, kwa hiyo tangu siku hiyo nikawa askari. Fusi alimvalisha kiatu kikubwa cha plastiki cha kuulinda mguu, mimi nikaficha mashine ya kukatia majani kwa jirani. Akitaka kwenda chooni namsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Akinuna, anune.

Na utando ukashika. Nasema hivi kwa sababu niliuona kwa macho yangu. Siku ya kwanza ulikuwa mweupe kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, unaudhi hata kuutazama. Fusi alipofungua bendeji mara iliyofuata, pembeni palikuwa na wekundu kidogo, wa kutafuta. Mara nyingine wekundu ulikuwa umeingia ndani. Alikuwa anabonyeza kwa ncha ya kidole, panakuwa peupe, anaachia, na damu inarudi. Mara ya kwanza damu iliporudi nililia, sioni haya kusema. Niliishi na hofu ya kisu cha daktari mpaka nilikuwa naota nasukuma kiti kisicho na mtu.

Kelepi naye akapata kiburi cha mkulima. Wageni wakija anawaambia wangoje Fusi afungue wauone. "Bustani yangu hiyo," anasema. "Kondoo ametoa shamba, mimi natoa maji."

Halafu wifi yangu Alisi akafa.

Alikuwa dada mkubwa wa Kelepi, na kwetu dada yuko juu ya kaka, hilo halina mjadala. Watoto wa kaka wako chini zaidi, na mke wa kaka ndiye kabisa, anabeba sufuria. Alisi alipokuwa hai alinitwalia jokofu, alinitwalia mikeka yangu mizuri aliyonisukia mama yangu, na mtoto wangu wa kwanza alimpa jina yeye bila kuniuliza. Yote ilikuwa haki yake na nilitoa huku nacheka kwa meno. Sasa amekufa, nikajisemea, anataka na mguu wa mume wangu.

Maana dada akifa, kaka hakai mbele na wenye msiba wa heshima. Anakwenda nyuma ya nyumba. Anavaa mkeka mkubwa uliochakaa, anachimba tanuri la ardhini, anabeba nguruwe, anapasua kuni, anasimama kwenye moshi mpaka jeneza litoke. Ndivyo anavyomwambia dada yake kwaheri. Simu ya kutupa habari ilipokatwa, Kelepi alikaa machozi yanamtiririka na hayafuti. Kisha akaniambia nimtolee ule mkeka mbovu.

"Wa nini?"

"Nakwenda kumpikia dada yangu."

"Kwa mguu upi, baba?"

"Kwa yote miwili. Nimekuja duniani nayo."

"Kelepi, mguu huo una damu ya juzi tu. Umeiona mwenyewe."

"Lesieli, Alisi alinibeba mgongoni nikiwa mtoto. Unataka nikae nyumbani nalea kidonda, wanaume wengine wamchomee nguruwe? Watu watasema nini?"

"Watasema una kidonda."

"Watasema nina mke."

Tulirushiana maneno ambayo sitayarudia. Nilimpigia mwanangu simu, nikampigia mchungaji, wote wakasema maskini mama, watamwombea. Hapo nikajua amebaki mtu mmoja tu. Kwetu mtoto wa dada ndiye anayeitwa fahu, na neno lake kwa mjomba wake halirudi. Akitaka gari la mjomba analichukua. Akimwambia mjomba ruka, mjomba anauliza kama akunje suruali. Fahu wa Kelepi ni Sulieti, binti wa pekee wa Alisi.

Nilimkuta Mangere, nyumbani kwa marehemu, amekaa sakafuni katikati ya mikeka iliyoletwa na watu, macho yamevimba. Nikaketi chini kuliko yeye, ndivyo inavyotakiwa, ingawa nimemwosha akiwa mchanga.

"Mkaza mjomba," akasema, "umeleta sufuria?"

"Nimeleta shida. Mjomba wako anataka kusimama tanurini."

"Ndiyo kazi yake."

"Akisimama wanamkata mguu."

Nikamweleza yote, utando, mishipa, wekundu, kidole cha Fusi. Alinisikiliza kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Kwa hiyo mama yangu hajaoza na wewe umekuja kumpunguzia wapishi."

"Nimekuja kukuomba mguu wa mume wangu. Wewe tu ndiye mwenye huo uwezo."

"Nikimkataza jikoni nitakuwa nimemvua nguo mbele ya watu. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Na yeye hatakusamehe wewe, siyo mimi."

"Na hilo nalijua."

Mle ndani wanawake walikuwa wanaimba karibu na jeneza, na mimi nilikuwa naomba Mungu amlainishe, maana Sulieti ana kichwa cha mama yake. Mwishowe akasema, "Nitamweka kwenye kava. Hemani, mbele, kando ya mchungaji. Atashinda pale mpaka mazishi, hatainuka hata kuchota maji. Umeridhika?"

"Nimeridhika, mwanangu. Mungu akulipe."

Kava ni kinywaji chetu cha mizizi, wanaume wanakinywa wamekaa mkekani. Njiani nikampigia Fusi. Nikamwambia mzee hatasimama kabisa, atakaa tu tangu asubuhi, na makaburini tutamsukuma kwa kiti. Fusi akashusha pumzi kwenye simu. "Basi vizuri, mama. Akae tu." Kazini kwake ukimwambia mtu akae, anavuta kiti. Mimi ninayekaa sakafuni tangu nizaliwe sikuwa na kisingizio hicho.

Siku ya mazishi Kelepi alifika kavaa mkeka wake mbovu, mkubwa, umemzunguka kuanzia kifuani hadi miguuni na kuburura chini. Akateremka garini kwa gongo, akaelekea nyuma ya nyumba kwenye moshi. Sulieti akatoka mlangoni, mbele ya ukoo wote.

"Mjomba."

Akasimama.

"Hapana huko. Nenda hemani, ukae kwenye kava."

Watu wakageuka. Kelepi alimtazama yule mtoto. "Sulieti, huko siyo kwangu. Niache nimpikie mama yako."

"Nimesema hemani."

Akageuka. Binamu yake Maikolo, aliyekuwa anapanga mawe ya tanuri, hana dogo huyo, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mwacheni bwana mkubwa apite. Dada amekufa na yeye kapandishwa cheo." Wengine wakacheka. Pembeni mwa mkeka wa hemani Kelepi akainama, akavua kile kiatu cha plastiki, maana mkekani mtu haingii na kiatu, akajongea mpaka mahali alipoonyeshwa akakaa.

Mimi nilikuwa jikoni na wapishi, mahali pangu pa siku zote. Kila nilipopita na sufuria ya majimbi nilichungulia hemani. Alikuwa amekaa kama sanamu. Kava ilikuwa inazunguka, kata ya nazi kwa kata ya nazi, wanaume wanaimba tenzi, na kila baada ya muda mmoja wao anaomba radhi, anabadilisha mguu, anajikuna, anasogea, maana miguu iliyokunjwa inaingia ganzi. Kelepi hakusogea. Alikuwa ametiwa aibu mbele ya watu na aliamua kuwa, kama ni kukaa, atakaa kuliko wote. Mgongo umenyooka, mikono mapajani, mkeka wake mbovu umemfunika sehemu yote ya chini.

"Tazama mumeo anavyokaa," mwanamke mmoja akaniambia. "Siku hizi hakuna wanaume wa hivyo."

Nikafurahi. Nilikuwa nakoroga tui, moshi umenijaa machoni, na moyo wangu mwepesi kuliko siku zote tangu lile kokoto. Nilishinda vita. Jeneza lilipotoka, vijana walimwinua wakamweka kwenye kiti, nikaenda kumvalisha kiatu. Bendeji ilikuwa na unyevu kidogo. Nikadhani ni kava imemwagika.

Fusi alikuja keshokutwa yake. Akafungua bendeji ya juu huku anapiga soga za msiba, nani alilia na nani alijiliza. Alipofika ya ndani akaacha soga. Harufu ilinifikia mlangoni.

Utando ulikuwa wa kijivu. Wekundu wote ulikuwa umegeuka rangi ya jivu la jana, na katikati palikuwa peusi. Fusi akabonyeza kwa kidole, akaachia, akangoja. Akabonyeza tena pembeni. Akangoja. Hakuna kilichorudi.

"Alisimama," akasema, wala hakuuliza.

"Hakusimama. Haki ya Mungu, Fusi, nilikuwa namwona. Alikaa kutwa."

"Alikaa vipi?"

Mimi na yeye tukatazamana. Kelepi alikuwa kwenye kochi, akataka kutusaidia. "Nilikaa hivi," akasema, na akakunja mguu wake wa kulia akauingiza chini ya goti la kushoto, kama tunavyokaa sote tangu utoto. Ubavu wa nje wa mguu ukaenda chini, na uzito wa mzee mzima ukashuka juu yake. Kidonda chote kilikuwa hapo, kati ya mfupa na ardhi. Angekuwa na hisia, angeruka kabla kata ya pili haijamfikia.

Fusi akaweka mkono mdomoni. Tulimwambia asisimame. Sote tulimwambia, mimi, yeye, daktari, fahu. Hakuna aliyemwambia asikae.

"Mbona mnalia?" Kelepi akasema. "Nilitii."

Homa ilimshika wiki ile ile, na mguu ukavimba kuja juu. Hospitali daktari wa upasuaji, Mzungu mmoja mrefu mwenye sauti ya chini, alituambia kwamba sumu ilikuwa inapanda na wakichelewa watampoteza mtu, siyo mguu tu. Kelepi akamsikiliza kwa adabu na kumwambia hapana.

"Nitamfuata dada yangu na miguu miwili."

Nilimbembeleza. Nilimtukana. Nilimpigia magoti, mimi na mwili wangu huu, kwenye sakafu ya hospitali, na yeye akanipapasa bega kana kwamba mgonjwa ni mimi. "Umeshanikalisha mara moja, Lesieli," akasema taratibu. "Niache sasa." Hakusema kwa hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

Sikumwita Sulieti. Nilikuwa sina tena uso wa kumwomba kitu. Alikuja mwenyewe, bado kavaa nyeusi, Fusi alikuwa amemwambia yote. Akasimama miguuni pa kitanda, kisha akavuta kiti, akaona hakifai, akakaa sakafuni. Fahu kakaa chini ya mjomba wake. Kelepi akajaribu kuinuka kwa aibu.

"Mtoto wa dada yangu, inuka hapo."

"Mimi ndiye niliyekuweka kwenye kava."

"Uliniweka pa heshima."

"Nilikuweka juu ya kidonda chako." Alikuwa analia bila sauti. "Mama angenipiga. Angenipiga mpaka mkono umuume. Sasa nina neno la pili, mjomba, na sitaki ubishi. Wakate."

Kelepi akafumba macho. Nilimwona anatafuta pa kutokea na hapana. Angeweza kumkatalia daktari, mchungaji, mwanawe, na mimi kila siku ya Mungu. Akalaza mikono juu ya shuka, akasema, "Sawa, mtoto wa dada," na safari hii ilikuwa sawa ya kweli. Akaomba madaktari waje.

Mguu tulikabidhiwa kwenye sanduku safi, baada ya kuulizwa kama tunautaka. Sulieti alitaka uzikwe kaburini kwa mama yake, miguuni pake. Kelepi akakataa kabisa, akamwuliza tangu lini kwetu kaka na dada waliokua wakalala nyumba moja. Akachagua mwenyewe: nyuma ya nyumba ya Alisi, pale tanuri lilipochimbwa siku ya msiba, udongo bado mweusi. Maikolo ndiye aliyechimba, na hakutoa utani wowote. Kelepi alisema mguu huo ulikuwa na kazi yake hapo na umechelewa kufika.

Baadaye wakatandika mikeka, kava ikaletwa. Kelepi akataka kukaa chini na wenzake, hataki kiti. Tukamteremsha. Kipande cha mguu kilichobaki kilinyooka mbele yake, kimefungwa banzi kisikunjike, na nikaona anaona haya kuelekeza mguu kwa watu. Nikachukua ule mkeka mbovu nikamfunika.

"Radhi," akasema kwa wenzake.

"Umeshafunika, huna kosa," mchungaji akamjibu, na kava ikaendelea kuzunguka.

Nilibaki nimeinama pale, mkono wangu bado umeshika upindo wa mkeka. Mgonjwa akinyoosha miguu na kuifunika kwa mkeka, kwetu hana kosa. Mtoto mdogo analijua hilo. Na siku ile, tangu asubuhi mpaka jeneza linatoka, mkeka huu ulikuwa kiunoni mwake.